Msumari wa Chini

Dada yangu Gunnevi amenizidi miaka minne, na mwamba wa baba unalijua hilo. Kila mtoto alipozaliwa nyumbani kwetu, baba alipima maji kiangazi kizima, akatafuta wastani wake, kisha akachonga mstari kwenye mwamba ulio chini ya nyumba, pale maji yalipofikia, na juu ya mstari akapigilia msumari wa shaba. Gunnevi alizaliwa 1947. Mimi, Hjördis, nikazaliwa 1951. Kwetu bahari hukimbia, na kwa miaka ile minne ilikuwa imeshuka, kwa hiyo mstari wangu ukachongwa chini ya wake kwa upana wa vidole viwili. Tangu nikiwa mtoto nimekuwa nikiteremka pale na kuona kwamba hata jiwe limemweka juu yangu.

Nasema bahari hukimbia kwa sababu ndivyo tunavyosema hapa Norrgrynnan, upande wa Finland wa mlangobahari wa Kvarken. Banda la mashua la babu leo liko nyasini, hatua mia mbili kutoka majini, na kondoo wanalala humo. La baba nalo limeachwa. Alrik, mume wangu, alijenga la tatu, na ameshaanza kulalamika kwamba mashua inakwaruza mawe ikiingia.

Sasa Gunnevi. Nitamweleza kwa haki kadiri ninavyoweza, ingawa mwenye kijicho akisifu ni vizuri kumsikiliza kwa makini. Ni mrefu, mkavu, ana mikono mikubwa, na hakuolewa, akabaki katika nyumba ya baba. Hanywi kahawa kabla ya kusoma maji. Kila siku saa moja asubuhi tangu 1964, macho ya baba yalipoharibika, amekuwa akishuka mwambani penye ubao wa vipimo uliotundikwa kwenye msumari wake, anasoma maji yako sentimita ngapi chini ya mstari, na kuandika kwenye daftari la jalada jeusi. Bahari ikiganda hutoboa tundu kwa mtaimbo. Siku ya mazishi ya mama alisoma. Siku ya harusi yangu pia alisoma, akachelewa kanisani, mlango ukalia nyuma yetu na watu wote wakageuka kumtazama yeye. Siku ya harusi yangu!

Baba ndiye aliyemchagua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikamwambia baba kwamba hata mimi najua kusoma namba.

"Kusoma unajua," baba akasema. "Kungoja ndiko hujui. Maji hayasomwi yakiwa yanaruka, mwanangu. Wewe utakuwa umeshaondoka kabla hayajatulia."

Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo maisha yangu yote. Kijiji kikamwita Gunnevi wa Maji. Mimi wakaniita mdogo wake Gunnevi wa Maji. Nilizaa watoto watatu, nikafuma nyavu, nikatia chumvi mapipa ya samaki yasiyo na hesabu, na hakuna aliyefikiria kunipa jina. Mume wangu mwenyewe, akiingia asubuhi, hata kofia hajavua, husema: "Gunnevi anasemaje leo?"

"Gunnevi hajakupikia kahawa," humjibu, na kumtupia kikombeni kipande cha jibini, maana kwetu jibini huliwa ndani ya kahawa, kwa nguvu mpaka kahawa imrukie.

Mwaka 1996 barafu ilipokuwa ikivunjika iliuponda ubao wa zamani, na wiki hiyohiyo Gunnevi akateleza, akavunjika nyonga, akalazwa mjini. Na wiki hiyohiyo tena, maana wenye bahati zao hawapumziki hata wakiwa kitandani, barua ikamjia kutoka taasisi ya wapimaji. Kuna setilaiti, waliandika, inayopima urefu wa bahari kutoka angani, na kila baada ya siku kumi inapita juu kabisa ya mwamba wetu. Walitaka madaftari ya Gunnevi walinganishe. Mimi ndiye niliyempelekea barua hospitalini. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya mto.

"Hjördis, mwambie Alrik achonge ubao mpya. Uwe mpana, mzito, aukaze kwa vyuma ili barafu isiuchukue. Muutundike kwenye msumari wangu."

"Sawa. Nami nitakusomea maji mpaka utoke."

"Hapana. Alrik atasoma."

"Alrik? Alrik anasoma gazeti la jana akidhani ni la leo!"

"Alrik ana subira," akasema, akanipapasa mkono. "Usikasirike, mdogo wangu. Kila mtu na kipaji chake."

Nilishuka ngazi za hospitali roho inaniwaka. Kumbe hata mume wangu amenipita! Mtu ambaye bila mimi hajui soksi zake ziko wapi.

Tarehe kumi na nne Mei tuliutundika ubao. Alrik alikuwa chini, buti zake ndani ya maji, ameshika vyuma. Mimi nilikuwa juu nimeshika kichwa cha ubao, chenye pete ya kuning'inizia.

"Umeshaweka kwenye msumari?" akapaza sauti.

"Nimeweka."

Wala sikusema uongo. Niliweka kwenye msumari. Msumari wangu. Kichwa cha ubao kilikuwa kipana, kikaifunika misumari yote miwili, Alrik akakaza vyuma, yakaisha. Kuanzia siku ile bahari yote, pamoja na setilaiti yao, ilipimwa kutoka kwangu, na hakuna aliyejua ila mimi. Nilirudi nyumbani nikakaanga samaki huku naimba. Miaka ikapita, na kila Alrik alipouliza Gunnevi anasemaje, nilicheka moyoni, nikajisemea kwamba Gunnevi anasema ninayomsemesha mimi.

Kicheko hicho kilidumu mpaka 2019. Kiangazi hicho akaja Daktari Saana Kettula kutoka taasisi, binti mfupi mwenye buti zinazompwaya, akafikia kwa Gunnevi. Alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu juu ya mwamba, akakiacha kiongee na angani. Siku ya pili Gunnevi akatualika chakula, mimi na Alrik, na mezani binti akasema kwamba kwa macho ya setilaiti bahari hapa kwetu inapanda, milimita tatu na nusu kwa mwaka.

Alrik alicheka mpaka kiazi kikampalia. "Inapanda! Binti, njoo nikuonyeshe banda la mashua la mzee. Kondoo wanazaana humo!"

"Haikimbii, mzee. Ninyi ndio mnaopanda. Zamani barafu nene ilikalia ardhi hii ikaididimiza. Barafu ikayeyuka, na ardhi mpaka leo inainuka, karibu sentimita moja kila mwaka."

"Kama godoro mtu akishaamka."

"Kama godoro. Na bahari nayo inapanda, ila polepole kuliko mwamba. Sasa anayesimama juu ya mwamba anaona bahari inashuka."

Akaeleza kwamba ukichukua namba za Gunnevi ukaongeza kiasi mwamba ulivyoinuka, unapaswa kupata kilekile inachokiona setilaiti. Zikilingana, wanajua setilaiti haijaanza kupotoka kwa uzee. Ndiyo maana madaftari ya mwanamke mmoja wa Norrgrynnan yanatafutwa na wakubwa.

Wengine wakaendelea kula. Mimi nilibaki na uma hewani. Bahari nayo inapanda! Hakuna aliyewahi kunieleza maisha yangu vizuri namna ile. Nami nilipanda, siku zote nilipanda, lakini nilizaliwa kando ya mtu anayepanda haraka zaidi, na watu wakasimama kwake, wakanitazama, wakasema Hjördis anashuka.

Siku ya tatu Gunnevi akamwambia Alrik aje na mimi tena. Binti alikuwa ametandaza karatasi mezani na hakuwa amegusa kahawa.

"Namba hazilingani, mama," akamwambia Gunnevi. "Nimeongeza kuinuka kwa mwamba, bado hazilingani. Kuna mruko wa ghafla mwaka 1996. Kuanzia hapo maji yanasomeka juu zaidi kwa sentimita tatu na kitu, na hayarudi. Kilitokea nini mwaka huo?"

"Nilivunjika nyonga. Ubao ukabadilishwa."

"Na nani?"

"Na mdogo wangu, na mumewe."

"Tunaweza kuufungua, tuone umeshikilia wapi?"

Gunnevi akaweka kikombe chini. "Nilimwambia autundike kwenye msumari wangu, akautundika kwenye msumari wangu. Unataka nifungue vyuma nimpekue Hjördis kama mwizi?"

"Sijasema mwizi, mama..."

"Basi usiseme. Ubao huo haufunguliwi."

"Damu nzito kuliko maji, binti," Alrik akasema huku anacheka. Nikampitishia sahani ya mkate mweusi kabla hajaendelea.

Saana akainamisha kichwa kidogo. Alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyoumiza. "Baada ya nyonga, mama, ulikuwa unainama kama zamani? Maana anayesoma akiwa amesimama wima, namba inamdanganya."

Gunnevi akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Siku nyingine nilisimama. Siku za maumivu."

"Basi mimi siwezi kusahihisha nisichokijua. Mwamba najua unapanda kiasi gani, huo nausahihisha. Hiki nikikikisia nitakuwa natunga. Ripoti inafungwa Ijumaa ijayo. Pasipokuwa na jibu, madaftari yote tangu 1996 yatawekwa kando, nitatumia kipimo cha mjini."

Miaka ishirini na mitatu iwekwe kando. Nitasema ukweli, maana nimeshazeeka kiasi cha kutoogopa kuchekwa: nilifurahi. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa mwepesi. Sikuwa nimepanga hivyo, mimi mwaka ule nilitaka tu kuwa sifuri ya bahari, lakini mambo yalipojileta yenyewe niliyapokea. Nilioka mikate ya iliki. Nilimsikiliza Alrik akisikitika, "Maskini Gunnevi, maskini Gunnevi," na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu neno Gunnevi halikunichoma. Furaha hiyo ilinikaa siku tatu.

Siku ya nne, kabla ya saa moja asubuhi, Gunnevi akaingia jikoni kwangu bila kubisha, akaweka daftari jeusi na penseli mezani, juu ya unga.

"Soma wewe."

"Nisome nini?"

"Maji. Macho yangu siyaamini tena, wala kiuno changu. Nimekaa siku tatu nakumbuka ni siku gani nilisimama na siku gani niliinama. Sikumbuki, Hjördis. Yule binti hakosei, nimekuwa nikiandika upuuzi miaka yote hii." Akakaa kwenye kiti cha Alrik. Sikuwahi kuona amekaa saa hiyo ya asubuhi. "Baba alikosea. Ilikuwa uwe wewe."

Maneno niliyoyangoja tangu nina miaka kumi na mitatu hatimaye yakaingia masikioni mwangu, na yalikuwa mali ya wizi. Nikachukua penseli, maana sikujua la kufanya, nikashuka mwambani.

Kulikuwa na upepo kidogo. Nilipiga magoti mbele ya ubao nikangoja maji yatulie. Nilingoja muda mrefu, baba, laiti ungeniona. Hamsini na moja. Nikafungua daftari niandike, lakini vidole vilikuwa vimelowa, nikafunua kurasa za mwanzo badala ya za mwisho. Kumbe Gunnevi kila anapofungua daftari jipya hunakili ukurasa wa kwanza mambo yote yaliyobadilika tangu siku za baba: mtaimbo mpya, banda lililohamishwa, macho ya baba. Kwenye mstari wa 1996 alikuwa ameandika: *Ubao mpya. Umetundikwa na Hjördis, kwa usafi kabisa.*

Daftari baada ya daftari alikuwa amenisifu kwa maandishi na mimi sijui. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ilikuwa ya Gunnevi, mdudu mimi.

Nikaenda bandani nikachukua spana. Nilikuwa nimeshalegeza chuma cha juu Gunnevi aliponiona kutoka ngazi za nyumba yake.

"Unafanya nini? Acha! Nilimwambia yule binti hakuna wa kukupekua!"

"Najipekua mwenyewe. Shuka."

Akashuka, kwa nyonga ile, akijishikilia kwenye mwamba. Nilivuta kichwa cha ubao kikaachana na jiwe kiasi cha kupitisha kiganja, pete ikiwa bado palepale ilipo. Akachungulia. Msumari wa juu ulikuwa mtupu, umefanya kutu ya kijani. Ubao ulikuwa unaning'inia kwenye wa chini.

Nilitegemea matusi. Ningeyapenda, kwa kweli. Gunnevi alinyoosha mkono bila kunitazama.

"Lete rula."

Nikampa. Akapima mara tatu. "Tatu nukta nne. Tarehe?"

"Kumi na nne Mei."

"Saa?"

"Kama saa tano asubuhi. Alrik alikuwa ameshakunywa kahawa ya pili."

Akanipokonya daftari na penseli, akaandika yote. Kisha akauliza, "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema Alrik asome."

"Kwa hilo tu?"

"Na kwa harusi yangu. Na kwa baba. Na kwa mstari wako kuwa juu ya wangu."

"Mstari ni mwaka, Hjördis. Hakuna aliyekuweka chini. Ulizaliwa baadaye."

"Najua! Nimejua miaka yote. Kujua hakukunisaidia."

Akafunga daftari. Nikashika pete ya ubao. "Ngoja niuhamishie kwako, iishe."

"Usiguse!" Hapo ndipo alipopiga kelele, mpaka ndege wakaruka. "Ukiuhamisha leo utakuwa umevunja mfululizo wa vipimo mara mbili! Unabaki hapohapo. Kaza hicho chuma."

Nikakaza. Akatia penseli mfukoni mwake, akapanda ngazi. Kutoka chini nilimsikia akipiga simu dirishani, sauti yake imerudi kuwa ileile kavu: "Binti, nimekuwa nikiinama vizuri. Sifuri ilihamishwa. Tatu nukta nne chini. Ndiyo. Hapana, si kwa bahati mbaya. Mdogo wangu, kwa makusudi. Andika kwa makusudi."

Kijiji kilipata habari kabla ya chakula cha mchana, maana Alrik hawezi kuweka siri hata ya hali ya hewa. Dukani wakaacha kuniita mdogo wake Gunnevi. Nina jina langu sasa. Wananiita Hjördis Tatu Nukta Nne, na watoto wa shule wanalijua. Gunnevi hakunisemesha mpaka majani yalipoanza kuanguka.

Ripoti ikaja mwezi wa kumi, bahasha nene, na Alrik akalazimisha tuende tukaisome kwa Gunnevi. Gunnevi hakutufukuza. Kulikuwa na jedwali la mwamba wetu, kila mwaka na mstari wake. Safu ya kwanza ilikuwa namba za Gunnevi. Ya pili, kuinuka kwa ardhi. Ya mwisho, bahari kama setilaiti inavyoiona, na zote zinalingana, daftari moja baada ya jingine, hakuna hata ukurasa mmoja uliotupwa. Lakini katikati ilikuwepo safu nyingine, tupu mpaka Mei 1996, kisha tatu nukta nne, tatu nukta nne, mpaka chini. Binti alihitaji kuipa safu hiyo kichwa, akaiandika *Hjördis*.

"Umo kitabuni, mama!" Alrik akasema. "Ubao si umebaki kwako? Basi kila setilaiti ikipita watakuongeza. Hata tukishakufa."

Nilitazama jina langu, limechapwa kwa herufi nzuri, juu ya kosa lililorudiwa miaka ishirini na mitatu. Kisha nikamtazama dada yangu, aliyekuwa anamenya viazi kana kwamba hakuna barua iliyokuja, na nikaona kwamba hata leo namwonea wivu, pengine zaidi ya zamani.

"Gunnevi," nikasema. "Ina maana umenisamehe?"

Akatazama saa ya ukutani, akafuta mikono, akachukua penseli yake dirishani. Tangu nyonga ile hupenda kusoma mara ya pili jioni, kujihakikisha.

"Sijakusamehe," akasema. "Nimekusahihisha."

Akavaa buti, akashuka mwambani, akainama vizuri, akasoma maji kutoka kwenye msumari wangu.